Petroli Iliyovundikwa

Wewe ungenyamaza? Ungekaa kimya, shela usoni, kiganja kimebanwa na shangazi kama mguu wa kuku aliyenunuliwa asubuhi, Landrova imezimika katikati ya mlima, wanaume wanne wameinamia injini kama wanaosoma jina kwenye kaburi, na jibu unalo, liko hapa juu ya ulimi, linawasha kama pilipili kichaa, ungenyamaza kwa sababu tu umevaa gauni jeupe... Ainembabazi alinyamaza. Alikuwa amenyamaza tangu saa moja asubuhi, tangu alipotolewa chumbani kwa mama yake kule Chonyonyo, na kwa yeyote anayemjua huo ulikuwa muujiza wa kwanza wa siku, maana omugole haongei njiani, ndivyo walivyokuta na ndivyo watakavyoacha, bibi harusi akifungua mdomo kati ya mlango wa kwao na mlango wa kanisa atakuwa mke wa maneno mpaka azeeke, ndivyo alivyosema shangazi Evangelina, ambaye siku yake mwenyewe alinyamaza njia nzima na hajanyamaza tena tangu hapo, na Ainembabazi angelicheka jambo lote hilo akalitupa dirishani kama isingekuwa mama, mama aliyemshika mashavu jana jioni akamwambia, mwanangu, sikuombi mkwe tajiri, sikuombi ng'ombe, nakuomba saa tatu za kimya, huo ulimi wako umefanya kazi miaka ishirini na minane bila likizo, kesho upumzishe... na yeye akaahidi, kwa sababu mama hajamwomba kitu tangu arudi kutoka Dar na shahada moja na sanduku moja, hajamwuliza hata kazi imefikia wapi, mama wa watu, akamwachia tu kitanda cha dirishani, kwa hiyo saa tatu, na mbili zilishapita salama salimini, ni hii ya tatu iliyokuwa ikiungua hapa mlimani pamoja na petroli. Stata ikalia, nyenyenyenyenye, ikanyamaza. Baba mdogo Projestus, mwenye Landrova na dereva wa maharusi wote wa ukoo kwa miaka kumi na tisa, akasema plagi. Mwingine akasema si plagi, ni petroli ya siku hizi, wanaichanganya na mafuta ya taa. Mwingine akasema ni macho ya watu, pale Omurushaka gari ilisifiwa mno... plagi, mafuta ya taa, macho ya watu, loh, hiyo ndiyo bodi ya wataalamu, hao ndio wajumbe, na Padre Ildefonsi yuko Kihanga na saa yake mkononi, alisema mapema, alisema mbele ya mashahidi, saa nne na nusu anaondoka kwenda kigango kingine kwenye mazishi, hatasubiri mtu, na Jumatano ijayo ni Majivu, Kwaresima inaingia, hakuna ndoa mpaka Pasaka ipite, yaani ukiukosa mlango wa kanisa leo unarudi nyumbani na shela lako unakaa wiki saba kama senene aliyekaangwa akasahauliwa kikaangoni, na Polikarpi je, Polikarpi amesimama pale mbele na suti ya kuazima iliyomzidi mabega, mwalimu wa hesabu, lazima ameshahesabu matofali yote ya ukuta, na ng'ombe ameshachinjwa, na rubisi ya ndizi imeshaiva, na rubisi haijui Pasaka. Saa nne kasoro kumi na mbili. Shangazi akambana kiganja zaidi, akamnong'oneza, usihangaike, wanaume wanaangalia. Wanaangalia, ndiyo, waitu, hicho tu ndicho wanachofanya.

Harufu ndiyo iliyompa jibu. Si kitabu, kitabu kilikuja baadaye kikitweta, ni harufu, ilipita chini ya dashibodi, ikapita kwenye shela kama moshi kwenye chandarua, tamu, ya joto, kavu kidogo, na kabla hajaijua jina akawa ana miaka saba, amechuchumaa nyuma ya nyumba ya bibi, bibi anafukua udongo kwa mkono, anafunua majani ya mgomba tabaka kwa tabaka, na shimo linapumua, linapumua kweli, hewa yake ya siku nne inakupiga usoni, ya moto, ya sukari, na mle ndani ndizi zilizoingia kijani zimelala njano kama vifaranga, na bibi anasema, unaona, sikuzipika, nimezifunika tu, ukikifunika kitu vizuri kitajipika chenyewe... kitajipika chenyewe! Harufu ya kuvundika ndizi, ndani ya gari, juu ya mlima, saa nne asubuhi, na jua la Februari likiwa limekaa juu ya boneti kama mgeni asiyeaga. Godoro. Mungu wangu, godoro la baba mdogo. Maana baba mdogo Projestus ndiye mvundikaji mkuu wa Chonyonyo, rubisi yake inafuatwa kutoka hadi Kyerwa, na Landrova yake haipendi baridi, asubuhi za huku ukungu unaingia hadi kwenye viatu, basi mwaka juzi akaketi akafikiri kwa kile anachokijua, akashona gunia refu, akalijaza majani makavu ya mgomba, akalizungushia injini ubavuni, pale palipo pampu na bomba la petroli, akalifunga kwa kamba, ili petroli ilale na joto lake kama ndizi, na kweli, ikawa inawaka kwa mkupuo mmoja asubuhi, akalisifu, akaliita nguo ya bibi, na kila siku jua likichomoza analitoa, kila siku, isipokuwa leo, leo amechangamka, leo anamwoza mtoto wa marehemu kaka yake, amevaa tai, amesahau, au hata hakusahau, wanaume wanne wameinama pale na godoro wanaliona, wanalipapasa, hakuna anayeliona, kama mtu asivyoiona pua yake.

Na mwendo je, mwendo wenyewe ule... pale Omurushaka wanawake waliteremka kwenye gari la nyuma wakatembea mbele ya Landrova wakiimba, kama ilivyo desturi, bibi harusi hapiti mjini kama mzigo wa kahawa, lazima apite taratibu aonekane, na ilikuwa nzuri, Mungu anajua, alilia chini ya shela na hakumwambia mtu, mawakala wa maharage waliacha mizani wakapiga makofi, mama mmoja akarusha maua ya mbuni, lakini nusu saa, nusu saa gari inatambaa kwa gia namba moja, feni inazunguka kivivu, hewa haiingii, joto linapanda, kisha wakasimama dakika kumi na tano kusalimia ukoo wa mama, injini imezimwa, maji hayazunguki tena, feni imekufa, chuma chote kile cha moto kinageuka na kumwaga joto lake kwenye kile kilicho jirani, na jirani ni nani, ni pampu, ni bomba, vimefunikwa shuka, vimevundikwa... halafu mlima. Petroli si maji, petroli haina subira, joto ambalo kwako ni la kuogea kwake ni la kuchemkia, na huku juu inachemka mapema zaidi, hata maharage yanajua, Dar maharage saa moja, Karagwe unapika mpaka unasahau uliwaalika nani, kwa sababu huku hewa ni nyepesi, haikandamizi sufuria, maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, na petroli vilevile, halafu pampu ya Landrova hii ya zamani iko kwenye injini, inavuta kutoka mbali, na kinachovutwa kinalegea, kikilegea kinachemka upesi zaidi, kinageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu inavuta mvuke, inabana mvuke, mvuke unanywea na kutanuka, unanywea na kutanuka, tone haliendi. Vapour lock. Kufuli ya mvuke. Tanki limejaa na injini inakufa kwa kiu. Swali la nne, mtihani wa mwaka wa tatu, alipata kumi na moja kati ya ishirini, na mhadhiri akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba tatizo hili limepitwa na wakati, magari ya siku hizi pampu iko ndani ya tanki, inasukuma haivuti... limepitwa na wakati, sir, with due respect, njoo uwaambie hawa wanne, njoo umwambie Padre Ildefonsi.

Basi sema. Si umejua, sema... Hakusema. Na hapo ndipo hasira ilipogeuka ikamtazama yeye mwenyewe, maana je, ni ahadi ya mama tu inayokufunga, dada, au kuna kingine... kuna kingine. Kumi na moja kati ya ishirini ndiyo kingine. Hajawahi kuigusa kufuli ya mvuke kwa mkono wake, ameisoma tu, ameichora, mishale ya bluu na mishale myekundu, na ikiwa si yenyewe, ikiwa diaframu, kile kiwambo cha ndani ya pampu, imechanika kweli, atakuwa amevunja kimya cha omugole mbele ya ukoo mzima ili akosee, na baba mdogo, anayemwita injinia wa karatasi kwenye kila kikao, kwa upendo, anasema, kwa utani tu, atakuwa na hadithi ya kusimulia mpaka ubatizo wa wajukuu. Barua sitini na tatu. We regret to inform you, sitini na mbili, na moja haikujibiwa kabisa, na ile ya usaili, meza ndefu, watu watano na chupa tano za maji, yule wa katikati akauliza, una uzoefu wa miaka mitano, akajibu, mzee, nimemaliza chuo mwaka jana, miaka mitano ningeipatia tumboni kwa mama, wakacheka wote watano, wakaandika kitu, hawakumpa kazi, walicheka lakini, na jioni ile Polikarpi, ambaye wakati huo alikuwa bado ni mwalimu fulani tu anayechaji simu dukani, alimkuta nje akiitukana ile meza mguu kwa mguu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, endelea, hujaitukana chupa ya tano... Polikarpi! Furaha ikampanda ghafla kutoka miguuni, ya kijinga, kama soda iliyotikiswa, alimposa akiwa katikati ya kutukana barua nyingine, hakungoja amalize, akasema nitakuoa, akajibiwa subiri kwanza nimalize aya hii, na jana usiku kwenye simu akamwambia, kesho utanyamaza saa tatu, nikikuona kanisani sitakujua, nitadhani wamenibadilishia.

Nje simu ilikuwa imewekwa spika. Ni Anatory, fundi wa Omurushaka, sauti ya mtu anayekula. Akaulizwa, akasikiliza stata, akasema bila kumeza kwamba hiyo ni pampu, diaframu imekufa, wafungue bomba la kuingilia waone kama petroli inafika, na yeye atakuja na pampu nyingine baada ya saa moja hivi, saa moja na nusu, kuna kazi ya mtu anaimalizia. Saa moja na nusu, watu wamesikia, padre atakuwa ameshazika na amekula. Ainembabazi akasikia kisanduku cha spana kikifunguliwa, chuma kwa chuma, baba mdogo akiomba namba kumi na tatu, na akaona kwa macho ya kichwani, mchoro mzima, mishale yote sasa myekundu, bomba lililojaa mvuke limebanwa, petroli inachemka nyuma yake inatafuta pa kutokea, baba mdogo analegeza nati mbele ya kifua chake chenye tai, na petroli inaruka, pssss, juu ya egzosi inayochoma mate, na chini yake kuna nini, kuna gunia la majani makavu, kavu kuliko yote Karagwe... Mama, nisamehe, zilibaki dakika kumi tu. Alichomoa kiganja kwenye mkono wa shangazi, kikatoka na utelezi wa jasho, akafungua mlango, akashuka na mguu wa kulia kwanza kwa sababu angalau hicho mama asikikose, akanyanyua shela kama mtu anayefungua jokofu, na maneno yake ya kwanza tangu saa moja yakatoka kwa adabu zote.

"Baba mdogo, shikamoo. Weka hiyo spana chini."

"Marahaba," akaitikia Projestus, maana shikamoo haiachwi hewani hata nyumba ikiungua, kisha ndipo mdomo wake ulipogundua umemwitikia nani, na spana ikabaki juu, haijui iende wapi. Ndani ya gari shangazi Evangelina alishangaa, mae, ameongea, kwa sauti ya mtu aliyeona jongoo kwenye komunyo. Upande wa juu wa barabara palikuwa na kibanja, na mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage chini ya migomba akainuka na panga mkononi kutazama, alikuwa Nikuze, kibarua wa mwenye shamba, waliosimama wakamjua, akauliza, huyo anaolewa au amekuja kukagua barabara, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa Ainembabazi mwenyewe, akacheka na kifungo kimoja cha gauni kikatoka, ah, wacha kitoke. Injinia wa karatasi ameamka, akasema baba mdogo, bila kisirani, ndipo Ainembabazi alipomwona vizuri, mzee mwenye tai iliyopinda na jasho, anayeogopa kuliko wote, yeye ndiye aliyemwahidi kaka yake kitandani kwamba mtoto atafikishwa kanisani kwa Landrova hiyohiyo... na ulimi wake, ulimi ule, ukafanya kitu ambacho haujazoea, ukalainika bila kunyamaza. Akamwuliza, baba mdogo, ukinywa rubisi kwa mrija, na mrija una ufa, unapata nini? Akasema, hewa. Na kibuyu kimejaa? Kimejaa. Na unanyonya kwa nguvu zote? Mpaka mashavu yanaingia, na sipati kitu. Basi, akasema, hiyo ndiyo pampu yako, nzima kabisa, mashavu yameingia, inanyonya mvuke, petroli imechemka ndani ya bomba kwa sababu umeivundika. Wanaume wanne wakalitazama godoro, safari hii wakaliona. Hiyo ni nguo yake, akasema Projestus taratibu, bila hiyo haiwaki. Asubuhi, akasema Ainembabazi. Asubuhi, akakubali Projestus, na Ainembabazi aliona jambo likimwingia, si kama somo, kama aibu ya fundi, maana nani anajua kuliko yeye shimo la ndizi linavyopata joto likifunikwa, nani, kama si yeye anayelipima kwa kiwiko.

Hawakupewa nafasi ya kujadili. Godoro litolewe, kwanza hilo, mbali na egzosi, likatolewa, lilikuwa na joto la mkate, upande mmoja umeanza kahawia, na yule wa macho ya watu akajifuta uso akasogea nyuma hatua tatu. Boneti ibaki wazi. Mfuniko wa tanki ulegezwe pole pole, tanki lipumue. Mmoja akaja mbio na dumu la maji kutoka kwenye gari la nyuma anataka kulimwaga lote, Ainembabazi akamzuia kwa mkono wenye pete ya uchumba, usimwagie chuma cha moto maji ya baridi, hujawahi kupasua chungu wewe, akacheka, akajibu amepasua viwili... Kinachotakiwa ni baridi inayokaa, si inayoruka, kitambaa chenye maji kingefaa lakini kinakauka haraka, na kilichopo ni mashuka ya maharusi, na macho yake yakapanda kwenye kibanja, na pale pale, kabla hajafikiri, akawa tena nyuma ya nyumba ya bibi, ameungua kidole na bibi anakata gamba la mgomba, bichi, linalovuja, anamfungia kidole, baridi ile, baridi ya shina la mgomba saa sita mchana, kama limetoka kisimani, mgomba mzima ni mtungi wa maji uliosimama, akasema dada Nikuze, bojo, tukatie shina la mgomba uliokwisha zaa, na Nikuze, ambaye hakungoja bojo ya pili, akalilaza chini kwa mapigo mawili, akalibandua gamba kwa gamba kama anayefungua kitabu, akashuka nayo kifuani maji yakimchuruzika hadi viwikoni, anacheka, anasema kwetu ng'ambo ya mpaka tunafungia maziwa hivi, sikujua na gari linanyonya. Akayafunga Ainembabazi mwenyewe. Akaingiza mikono hadi ndani, gauni likagusa bampa, likagusa oili, shangazi akapiga yowe dogo ndani ya gari kama mtu aliyekanyagwa, bibi harusi akaizungushia pampu gamba la kwanza, na bomba gamba la pili na la tatu, linanata lenyewe, maji yanatiririka, na maji yalipogusa pampu yakasema sss, kidogo tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti baada ya safari.

Sasa kungoja. Dakika kumi, alisema kwa sauti ya kitabu, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kusimama na mkono mmoja juu ya gamba la mgomba, mlimani, upepo ukiliinua shela, Kihanga kule mbele kwenye ukungu wa joto, kengele haijasikika, saa nne na dakika tatu, na gari haijawaka, hakuna kilichobadilika, ukiwatazama kutoka mbali ni walewale, Landrova ileile mdomo wazi... lakini wanawake wa gari la nyuma walikuwa wameteremka, na mmoja akaanza kuimba ule wimbo wa Omurushaka, pole pole, kwa sababu ukishasimama na bibi harusi barabarani utafanya nini kingine, na Nikuze akaupokea kwa maneno ya kwao, yanagongana na ya kwetu katikati na kuendelea, na mwenye dumu akacheza na dumu, na Ainembabazi alijikuta anacheka na machozi, je, nimevunja kitu, mama, nimekivunja kweli, saa mbili na dakika hamsini nilikupa, zile kumi nimezitumia, nitakulipa uzeeni... na akaona, sijui kwa nini hapo, mkono ukiwa baridi hadi begani, akaona kwamba miaka minne yote amekuwa akingoja aulizwe. Sitini na tatu aliandika akingoja aulizwe. Mezani alingoja aulizwe, wakamwuliza miaka. Kila kikao cha ukoo alikaa na ulimi wake uliochongwa, anawachoma, anawachekesha, kwa kila kitu isipokuwa kile anachokijua, hicho alikiweka chini ya godoro, kifunikwe vizuri, kijipike chenyewe, na kilijipika kweli, kikachemka, kikawa mvuke, na mvuke hausukumi gari, dada, mvuke unapiga kelele tu ndani ya bomba... hasira zote zile. Injini nzima kumbe ilikuwa na kiu. Akainama atazame. Chini ya pampu pana kikombe kidogo cha kioo, cha kukamatia uchafu, ndipo unapoona petroli ikipita, na tangu alipoinamia injini kilikuwa kitupu, kina mapovu mawili matatu yanayotambaa kama wadudu, na kando ya pampu pana kijiti cha kupampu kwa kidole, akakipata kwa kupapasa, akakisukuma, laini, hakuna kitu, tena, hakuna kitu, tena, ikiwa ni diaframu ndiyo basi, Pasaka, tena... kikakaza. Kidole kikakutana na uzito. Mvuke ukipoa unajikunja unakuwa tone, na pale ulipokuwa panabaki pengo, na pengo linavuta, lilikuwa kwenye mchoro, mshale wa bluu, na ndani ya kikombe cha kioo, kutoka chini, kimya kabisa kuliko bibi harusi yeyote, petroli ikaanza kupanda. Ya dhahabu. Ikapanda ikameza povu moja, ikameza la pili, ikajaa mpaka shingoni, safi, imetulia, na jua likapita ndani yake likamwangukia gauni juu ya doa la oili. Kumi na moja kati ya ishirini, mzee, nionyeshe hizo tisa.

Hakumwambia mtu kwanza. Alikaa na kikombe kile peke yake, pumzi tatu, nne. Akawaandikia kichwani barua ya sitini na nne, kwenu mlio kwenye meza ndefu, uzoefu mlioutaka uko hapa, mlima wa kuingia Kihanga, Jumamosi kabla ya Majivu, shahidi Nikuze na panga lake, Jumatatu nakuja nao, sikuja kuomba, tayarisheni kiti na maswali ya maana, na yale maji ya chupa ya tano ni yangu. Kisha akainuka. Wimbo ulikuwa umekatika, wote wanamtazama usoni kama wanaosubiri hukumu, na baba mdogo Projestus alikuwa tayari ameshika mlango wa dereva, mguu mmoja ndani, tai begani, na Ainembabazi alimjua anavyoendesha, atapanda kwa gia kubwa ili kubana mafuta, feni izubae, joto lirudi, na pale juu kwenye kona itazimika tena, na saa ile ilikuwa nne na dakika tisa, na mlima huu unatakiwa upandwe gia ndogo, injini ikilia, feni ikipuliza. Shangazi Evangelina alikuwa ametoa kichwa dirishani, akaona mkono wa bibi harusi, mweusi kwa oili na wenye maji ya mgomba, ukinyooka mbele ya baba mdogo wake, kiganja juu, akafumba macho.

"Baba mdogo, ufunguo," alisema. "Wewe kaa na shangazi nyuma. Na hilo godoro, kuanzia leo, lirudi kwenye ndizi."